Shaba, aluminiamu au vyote viwili: namna ya kulinganisha metali za kipozajoto cha prosesa

Mnunuzi anayeingia katika duka la vifaa vya kompyuta Kariakoo au Posta, jijini Dar es Salaam, kutafuta kipozajoto cha prosesa, kile ambacho mafundi wengi hukiita hitisinki, kwa kawaida huwekewa mezani aina tatu: kipande cheupe cha aluminiamu tupu chenye feni juu yake, kingine kinachofanana nacho lakini chenye duara jekundu la shaba upande wa chini, na kile kirefu chenye mirija ya shaba iliyopenya katika mapezi membamba meupe. Mara chache huletewa na cha nne, chekundu kote na kizito kupita vingine, ambacho muuzaji hukisifu kuliko vyote kwa sababu ni shaba tupu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvilinganisha kwa hesabu, kwa macho na kwa kipimo, na msimamo wake ni vyema utajwe mapema: shaba hulipa gharama yake pale joto lilipobanana, yaani katika milimita chache za kwanza juu ya prosesa, na kadiri joto linavyosogea kuelekea hewani ndivyo faida hiyo inavyopungua hadi kukaribia kutokuwepo.

Safari ya joto kutoka kwenye silikoni hadi hewani

Kabla ya kulinganisha metali, ni lazima kujua ni joto kiasi gani linalotakiwa kuondolewa na linapita wapi. Ryzen 5 5600 ya AMD imepangiwa wati 65, ilhali Core i9-13900K ya Intel inaruhusiwa kufikia wati 253 inapobanwa na kazi nzito. Kwa hiyo anayeuliza metali ipi ni bora bila kutaja wati za prosesa yake ameuliza nusu ya swali. Joto hilo huzaliwa katika eneo dogo mno: katika familia ya Ryzen 5000, kipande kimoja cha silikoni kinachobeba viini vya kuchakata kina takriban milimita za mraba 80 tu. Kutoka hapo hupanda hadi kwenye kifuniko cha prosesa, ambacho ni shaba iliyopakwa nikeli, huvuka tabaka la pesti ya joto, yaani ule uji mzito unaopakwa kujaza mianya kati ya nyuso mbili, huingia katika kitako cha kipozajoto, husambaa hadi kwenye mapezi, na mwisho huchukuliwa na hewa inayosukumwa na feni.

Kila hatua kati ya hizo hudai nyuzi zake za tofauti ya joto, na nyuzi hizo hujumlishwa. Ni kama safari ya kwenda Kigamboni kupitia Magogoni: hata barabara ya kufika kivukoni ikipanuliwa mara mbili, safari haitapungua kwa nusu ikiwa kinachomchelewesha msafiri ni kusubiri pantoni. Katika vipozajoto vingi pantoni hiyo ni hatua ya mwisho, ya kutoka kwenye uso wa pezi kuingia hewani, kwa kuwa hewa iliyotulia hupitisha joto kwa kiwango cha wati 0.026 kwa mita kwa nyuzi moja, wakati shaba hupitisha takriban 400 kwa kipimo hichohicho. Ndiyo sababu mapezi ni mengi na membamba, na ndiyo sababu feni ipo.

Namba za kuanzia

Katika joto la kawaida la chumbani, uwezo wa fedha safi kupitisha joto ni takriban wati 429 kwa mita kwa nyuzi, wa shaba safi takriban 400, wa dhahabu takriban 318 na wa aluminiamu safi takriban 237. Chini yake iko shaba ya njano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki, yenye kati ya 110 na 120 katika aina zilizozoeleka; nikeli ina karibu 90, chuma cha kawaida karibu 50, na chuma kisichoshika kutu karibu 15. Namba hizi humaliza mabishano mawili kwa mara moja. Fedha huizidi shaba kwa asilimia 7 hivi, tofauti ambayo, kama hesabu ya hapa chini itakavyoonyesha, haionekani hata kwenye kipimajoto cha kompyuta. Dhahabu nayo iko nyuma ya shaba, hivyo rangi ya dhahabu kwenye kipozajoto ni urembo na haifai kulipiwa.

Jambo linalosahaulika ni kwamba neno aluminiamu kwenye boksi linaweza kuwa na maana kadhaa. Aluminiamu ya daraja la 6063, ambayo husukumwa kupitia tundu lenye umbo la mapezi na kutoka ikiwa mhimili mmoja mrefu wa kukatwa vipande, ina takriban 200 au zaidi kidogo. Daraja la 6061, ambalo hupendwa kwa uimara wake, lina takriban 167. Ile inayomiminwa ikiwa imeyeyuka katika kalibu kwa shinikizo, yenye silikoni nyingi ndani yake ili itiririke vizuri, hushuka hadi karibu 100, yaani nusu ya 6063. Kwa sababu hiyo vipozajoto viwili vya aluminiamu vyenye umbo linalokaribiana vinaweza kutofautiana kuliko mnunuzi anavyotarajia, na kipande kilichomiminwa na fundi wa mtaani kutokana na chuma chakavu cha aluminiamu, ambacho kinafaa kabisa kwa sufuria, hakifai kutumika kama kitako cha prosesa, kwa kuwa hakuna anayejua kimechanganyika na nini. Shaba nayo ina madaraja yake, lakini ile inayotumika kwa nyaya na vitako hukaa karibu na 390, hivyo suala hilo halimsumbui mnunuzi wa kawaida.

Hesabu ya kitako

Kanuni inayotumika hapa ni ile aliyoichapisha mwanahisabati Joseph Fourier huko Ufaransa mwaka 1822, na haihitaji zaidi ya kikokotoo cha simu. Zidisha wati kwa unene wa kipande kwa mita, kisha gawanya kwa zao la uwezo wa metali kupitisha joto na eneo kwa mita za mraba. Jibu ni nyuzi zinazopotea kati ya uso wa chini na uso wa juu wa kipande hicho.

Chukua kitako chenye milimita 30 kwa 30, unene wa milimita 5, kilichobeba wati 65. Kikiwa cha shaba, nyuzi zinazopotea ni 0.9, kikiwa cha aluminiamu ya 200, ni 1.8, kikiwa cha fedha, ni 0.84. Kwa wati 150 namba hizo hupanda hadi takriban 2.1 kwa shaba na 4.2 kwa aluminiamu. Hesabu hii inadhani kwamba joto limeenea sawasawa katika kitako chote, jambo ambalo si kweli kwa prosesa ambayo silikoni yake iko upande mmoja wa kifuniko, na hapo ndipo shaba huonyesha thamani yake halisi, kwa kuwa hulisambaza joto kando kwa haraka zaidi kabla halijapanda. Mwenye prosesa ya wati nyingi na silikoni ndogo anapaswa kuichukulia tofauti hiyo ya nyuzi 2 kama kiwango cha chini, kwani katika hali halisi inaweza kuwa kubwa zaidi.

Sasa linganisha na pesti. Tabaka la pesti nzuri lenye unene wa milimita 0.05 na uwezo wa 5, katika eneo lilelile na wati zilezile 65, hupoteza nyuzi 0.7. Pesti iliyokauka, yenye unene wa milimita 0.1 na uwezo ulioporomoka hadi 1, hupoteza nyuzi 7.2. Kwa maneno mengine, mtu anayebadilisha kitako cha aluminiamu kuwa cha shaba lakini akaacha pesti ya miaka mingi iliyogeuka unga amenunua chini ya nyuzi moja huku ameacha zaidi ya nyuzi sita mezani. Kwa prosesa ya wati 65, fundi anayependekeza kipozajoto cha shaba kabla hajapangusa na kupaka pesti upya anastahili kuulizwa sababu.

Kwa nini mapezi ya aluminiamu hayana aibu

Pezi huwa la moto kwenye shina na baridi kwenye ncha, na kadiri ncha inavyopoa ndivyo inavyochangia kidogo katika kutoa joto. Wahandisi hupima jambo hilo kwa asilimia: pezi ambalo lingekuwa na joto sawa kote lingepewa 100. Kwa pezi lenye unene wa milimita 0.4 na urefu wa milimita 30 kutoka kwenye kitako, likipulizwa na feni ya kawaida, hesabu hutoa karibu asilimia 78 kwa aluminiamu na 87 kwa shaba. Tofauti hiyo inaonekana, na inaeleza kwa nini vipozajoto vya shaba tupu vilitafutwa sana zamani, wakati mapezi yote yalichipuka moja kwa moja kutoka kwenye kitako.

Mirija ya joto ndiyo iliyobadilisha mambo. Huo ni mrija wa shaba uliozibwa pande zote mbili, wenye maji kidogo na shinikizo dogo ndani yake, hivyo maji hayo huchemka hata kwa joto la chini. Upande wa prosesa maji hugeuka mvuke, mvuke hukimbilia upande wa baridi, hugeuka tena kuwa maji na kurudi kupitia utambi wa unga wa shaba uliogandishwa kwenye ukuta wa ndani. Joto husafirishwa kwa njia hiyo kwa urahisi kuliko katika nondo ya shaba yenye unene uleule, mara nyingi zaidi. Mirija inapopenya katikati ya mapezi, umbali wa kutoka kwenye mrija hadi mwisho wa pezi hupungua hadi milimita 10 au 12, na hesabu ileile ikirudiwa kwa milimita 12 hutoa takriban asilimia 95 kwa aluminiamu na 98 kwa shaba. Asilimia 3 haziwezi kuhalalisha uzito wala bei. Ndiyo maana vipozajoto vikubwa vya siku hizi, hata vile vya bei ya juu, vina kitako na mirija ya shaba lakini mapezi ya aluminiamu, na mnunuzi asidhani kwamba mtengenezaji amebana matumizi.

Mirija yenyewe haiwezi kuwa ya aluminiamu ikiwa ina maji ndani, kwa sababu aluminiamu na maji huzalisha gesi ya haidrojeni ambayo hujikusanya na kuziba njia ya mvuke.

Kauli ya kwamba shaba hushika joto

Kauli moja husikika sana madukani: kwamba shaba hunyonya joto upesi lakini hulishikilia, na aluminiamu hulitoa upesi, hivyo mchanganyiko wa viwili ndio bora. Hitimisho lake lina ukweli lakini sababu yake haina. Kiasi cha joto kinachotoka kwenye uso wa metali kwenda hewani hutegemea eneo la uso, mwendo wa hewa, na tofauti kati ya joto la uso na la hewa. Hewa haitambui metali iliyo chini yake. Pezi la shaba na pezi la aluminiamu yenye umbo moja na joto moja la uso, katika upepo mmoja, hutoa joto sawasawa.

Kinachowadanganya watu ni ujazo wa joto linalohifadhiwa. Sentimita moja ya ujazo ya shaba huhitaji takriban jouli 3.45 ili ipande nyuzi moja, na ya aluminiamu takriban 2.42. Kwa hiyo kipande cha shaba huchelewa kupata moto kompyuta inapowashwa, na huchelewa kupoa inapozimwa, na mtu anayekigusa dakika chache baada ya kuzima hukikuta bado kina joto na kuhukumu kwamba kimelishikilia. Katika kazi inayodumu saa nzima, kama vile kuhariri video au kutengeneza picha za michoro ya majengo, tofauti hiyo hutoweka baada ya dakika chache za mwanzo.

Rangi nyeusi nayo huzungumzwa kupita kiasi. Aluminiamu iliyong'arishwa hutoa joto kidogo sana kwa njia ya mnururisho, na ile iliyotiwa rangi kwa umeme hutoa zaidi kwa mbali. Lakini palipo na feni, sehemu kubwa ya joto huondoka na upepo, hivyo weusi huo una maana kwa vipozajoto visivyo na feni tu.

Uzito na bei

Sentimita moja ya ujazo ya shaba ina gramu 8.96, ya aluminiamu gramu 2.70. Kipozajoto chenye sentimita za ujazo 150 za metali kingekuwa na gramu 405 kwa aluminiamu na gramu 1,344 kwa shaba. Mfano unaofahamika ni Zalman CNPS7000, iliyotoka katika matoleo mawili: lile lililochanganya aluminiamu na shaba lilikuwa na gramu 445, na lile la shaba tupu gramu 773, wakati mwongozo wa Intel kwa Pentium 4 za kipindi hicho uliweka kikomo cha gramu 450. Kompyuta ya mezani ikisimama wima, uzito huo wote huning'inia kwenye bodi mama, na ikibebwa kwenye bajaji au bodaboda katika njia zenye mashimo ya Mbagala au Goba, kila mtikisiko huivuta bodi. Anayesafirisha kompyuta yenye kipozajoto kinachozidi gramu 700 hivi afanye hivyo ikiwa imelazwa, bodi mama ikiwa chini, au akiondoe kabisa na kupaka pesti mpya akifika.

Kuhusu bei, wakazi wa Dar es Salaam wako karibu na chanzo kuliko wanavyofikiri, kwa kuwa shaba ya Zambia na ya Kongo hupita bandarini hapa kila siku ikiwa vibao vilivyofungwa kwenye malori na mabehewa. Ukaribu huo hauipunguzi bei, inayopangwa na soko la dunia. Kwa uzito, shaba katika miaka ya karibuni imeuzwa kwa takriban mara tatu hadi nne ya aluminiamu. Lakini kipozajoto hutengenezwa kwa umbo, na kwa kuwa umbo lilelile huwa zito mara 3.3 likiwa la shaba, metali yake hugharimu mara 10 au zaidi. Kwa hiyo kipozajoto kinachouzwa kama shaba tupu kwa bei ya kile cha aluminiamu kinapaswa kutiliwa shaka papo hapo.

Namna ya kutambua metali dukani na nyumbani

Anza na macho, ukiangalia pale rangi isipofika vizuri: kingo za mapezi, ndani ya matundu ya skurubu, na pembe ya kitako. Aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba hujionyesha kwa weupe katika sehemu hizo. Hali ya kinyume pia ipo, kwani shaba iliyopakwa nikeli huonekana nyeupe na inaweza kudhaniwa kuwa aluminiamu. Omba ruhusa ya kukwaruza kidogo kwa ncha ya bisibisi pembeni, kamwe si katikati ya kitako panapogusa prosesa, na wekundu utajitokeza. Sumaku husaidia jambo moja: ikishika mapezi kwa nguvu, hayo ni mabati ya chuma, na kipozajoto hicho kirudishwe kwenye rafu.

Nyumbani, kipimo cha uhakika ni uzito kwa ujazo. Ondoa feni na vishikizo vyote, pima kipande kikiwa kikavu kwenye mizani ya jikoni, kisha kizamishe chote katika chombo kilichojazwa maji hadi ukingoni na upime maji yaliyomwagika, ukikumbuka kukigongagonga ili viputo vya hewa kati ya mapezi vitoke. Gawanya gramu kwa mililita. Jibu la karibu na 2.7 ni aluminiamu, na la karibu na 8.9 ni shaba. Jibu la kati ni mchanganyiko: kipande cha gramu 520 kilichomwaga mililita 140 kina 3.7, maana yake ni kwamba takriban asilimia 16 ya ujazo wake ni shaba, ambayo ni duara la kawaida la katikati. Kipimo hiki kina mipaka miwili. Mirija ya joto ina uwazi ndani, hivyo hupotosha hesabu ya vipozajoto virefu. Na shaba ya njano ina uzito unaokaribia ule wa shaba halisi, hivyo hapo rangi ndiyo iamue, kwa kuwa unjano wake hauwezi kufichika palipokwaruzwa. Baada ya kuzamisha, kausha kwa siku nzima kabla ya kufunga.

Angalia pia maungano. Duara la shaba lililobanwa tu ndani ya aluminiamu linaweza kuacha ufa mwembamba wa hewa, na ukilishika huku ukilisukuma kwa kidole gumba lisicheze hata kidogo. Kwenye aina ambayo mirija imesawazishwa ili iguse prosesa moja kwa moja, pitisha ukucha juu ya kitako. Mabonde kati ya mirija yakihisiwa, pesti italazimika kuyajaza, na pesti ni kipitishi dhaifu ikilinganishwa na metali yoyote iliyotajwa humu.

Joto la kaskazi na hewa ya chumvi

Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, mchana wa Dar es Salaam hufikia nyuzi 32 au 33, na chumba chenye paa la bati bila dari huenda juu zaidi, na ndani ya kasha la kompyuta huongezeka nyuzi kadhaa tena. Kipozajoto kinachodai nyuzi 0.5 kwa kila wati, kikibeba wati 65, huiweka prosesa nyuzi 32.5 juu ya hewa inayokizunguka: hewa ikiwa 24 katika ofisi yenye kiyoyozi, prosesa iko karibu 57, hewa ndani ya kasha ikiwa 40 chini ya pangaboi huko Tandika, prosesa iko karibu 73. Nyuzi hizo 16 za nyongeza zimetoka kwenye chumba, na zingeongezeka vilevile hata kama kipozajoto kingekuwa cha shaba. Mwenye bajeti ndogo atapata zaidi kwa kuongeza feni ya kutoa hewa nyuma ya kasha kuliko kwa kubadilisha metali.

Hewa ya pwani ina suala lake. Aluminiamu hujifunika utando mwembamba wa oksaidi unaoilinda, lakini chumvi huutoboa utando huo na kuacha vijishimo vyenye unga mweupe. Shaba hufanya weusi, na baadaye ukijani, ambao katika hatua za mwanzo ni mwembamba mno kuweza kuzuia joto kwa kiasi cha kupimika. Tatizo kubwa liko pale metali hizi mbili zinapogusana na kulowana: vumbi lenye chumvi hunyonya unyevu wa hewani, unyevu huo unakuwa njia ya umeme mdogo kati ya shaba na aluminiamu, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Kwa kompyuta zinazokaa Kigamboni, Kunduchi, Msasani au popote madirisha yanapofunguliwa kuelekea baharini, inafaa kuchagua kipozajoto ambacho shaba yake imepakwa nikeli, na kupuliza vumbi mara kwa mara bila kusubiri kompyuta ianze kunguruma. Baadhi ya mafundi huing'arisha shaba kwa ndimu na chumvi; inang'aa kweli, lakini kwenye kipozajoto cha mchanganyiko mabaki ya tindikali na chumvi katika maungano huharakisha ulaji huohuo. Spiriti na brashi laini zinatosha.

Kanuni hiyohiyo inawahusu wanaotumia upozaji wa maji: kipande cha shaba juu ya prosesa kisiunganishwe na rejeta ya aluminiamu katika mzunguko mmoja. Na wale wanaovutiwa na pesti ya metali kimiminika wajue kwamba imetengenezwa kwa galiamu, ambayo hupenya ndani ya aluminiamu na kuifanya imomonyoke. Ipakwe kwenye shaba au, vizuri zaidi, kwenye nikeli, na isikaribie aluminiamu kabisa.

Kuchagua kwa wati

Kwa prosesa ya wati 35 hadi 65 inayofanya kazi za ofisi, aluminiamu tupu ya kusukumwa yenye feni nzuri inatosha katika chumba chenye kiyoyozi, na penye joto ni afadhali kile chenye duara la shaba, ambacho bei yake haipishani sana. Kuanzia wati 65 zinazotumika mfululizo hadi karibu 150, chukua kilicho na mirija ya joto mitatu au minne na mapezi ya aluminiamu. Zaidi ya hapo, idadi ya mirija, ukubwa wa mapezi na feni ndivyo vya kulinganishwa, kwa kuwa metali zitakuwa zilezile kwa kila mshindani. Kipozajoto cha shaba tupu kinabaki na nafasi moja ya haki: makasha mafupi sana, ambamo hakuna urefu wa kuweka mirija na kila milimita ya metali inahesabiwa.

Kupima mwenyewe vipozajoto viwili

Ulinganisho wa kuaminika hufanywa kwenye kompyuta moja, kwa pesti ya aina moja, feni ileile ikiwezekana, na mwendo wake ukiwa umefungwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya bodi mama, ili usipande wala kushuka wenyewe. Weka kipimajoto cha chumba karibu na mahali hewa inapoingilia kasha. Endesha programu ya kuibana prosesa, kama Prime95, kwa nusu saa, huku programu kama HWiNFO ikirekodi joto, wati na kasi ya prosesa. Chukua wastani wa dakika tano za mwisho, toa joto la chumba, kisha gawanya kwa wati. Namba inayopatikana, ya nyuzi kwa wati, ndiyo ya kulinganisha, kwa sababu joto tupu la asubuhi na la alasiri haviwezi kuwekwa kwenye mizani moja.

Angalia kasi kabla ya kuamini joto. Prosesa nyingi za Intel hujipunguza zinapofikia nyuzi 100 hivi, na Ryzen 7000 nyingi hufanya hivyo kwenye 95, hivyo vipozajoto viwili vinaweza kuonyesha joto lilelile huku kimoja kikiwa kimeilazimisha prosesa kupunguza kazi. Hilo likitokea, punguza kikomo cha wati kwenye BIOS na urudie vyote viwili. Ondoa na funga upya kila kipozajoto angalau mara moja, upake pesti mpya na kupima tena, kwa kuwa upakaji pekee unaweza kuleta tofauti ya nyuzi mbili au tatu. Ikiwa pengo kati ya kile cha shaba na kile cha aluminiamu ni dogo kuliko pengo kati ya vipimo viwili vya kipozajoto kimoja, bado hujapima metali. Umepima mkono uliopaka pesti, na risiti ya kile cha bei kubwa ingali na kazi.